Bundi Aliyefumba Jicho

Ulikuja Februari, Tokuda Nagisa,
theluji ingali imeganda kwenye soli za viatu vyako,
ukasema ni kazi tu, daktari, ni ngazi,
ni miaka kumi na tisa ya kupanda misonobari ya watu.
Plasta za dawa zilikuwa zimekuachia mgongoni
miraba myekundu, kama madirisha ya nyumba inayoungua.

Nikauliza: na usiku?
Ulinyamaza kwanza.
Usiku, ukasema, nikilala ndipo kunapokucha.

Maumivu ya kazi hulala mwenye kazi akilala.
Haya hayakulala.

Pingili ya mgongo ikipigwa picha kwa mbele
ni uso wa bundi: macho mawili, mdomo katikati.
Niliwahesabu bundi wako kutoka ubavu wa kwanza kushuka,
wote wakinikodolea,
wa nane, wa tisa,
wa kumi amefumba jicho la kushoto.

Kwenye funguo zako alining'inia bundi wa mbao.
Hapa Kanazawa ni ndege wa heri, huuzwa hekaluni
pamoja na hirizi za mitihani na za kujifungua salama.
Ulikuwa ukimpapasa kwa kidole gumba.
Nikasema tu: kuna jicho silioni.

Sindano moja, tundu moja.
Hirosawa, mwanafunzi wangu, alitaka kuingilia ubavuni, pana nafasi zaidi;
nikamshika kiganja.
Njia ya sindano ni njia ya mwizi,
chembe ikidondoka humo inaota,
na siku ya kisu tutaichimba njia yote
pamoja na aliyepita.
Pa kukata kesho, ndipo pa kudunga leo.

Siku kumi na moja tukangoja maabara.
Uvimbe wa seli kubwa: hauna haraka ya kusafiri,
lakini mlafi.
Unakula nini? uliuliza.
Nikasema, ukuta.
Ukacheka, halafu ukaomba maji.

Saa saba na nusu mezani.
Uti wako ulikuwa mweupe, laini kama tofu isiyokamuliwa,
na miguu yako yote miwili imo humo.
Nikapitisha uzi wa chuma nyuma ya mfupa,
vuta, achia, vuta, achia,
hakuna aliyekohoa,
hadi pingili ikang'oka nzima, na mlafi wake tumboni,
nikaizungusha kuukwepa uti
kama unavyompitisha mlangoni mtoto aliyelala begani.

Dakika ishirini ndani ya naitrojeni.
Ilitokota kwa baridi, ikamwaga ukungu hadi kwenye viatu vyetu.
Hakuna seli inayotoka humo hai,
si mlafi, si mwenye nyumba.
Kisha mfupa wako mwenyewe, maiti,
tukauponda, tukaushindilia kwenye kizimba cha titani,
tukakurudishia.
Skrubu nane. Vyuma viwili.

Ulipozinduka swali lako la kwanza halikuwa miguu.
Unajua kwamba ulikufa? Huo mfupa?
Sikuwa na jibu. Nikakuambia utikise vidole.

Novemba mosi nilipita bustanini nikiwa na mkoba wa mboga.
Kijana mmoja yuko juu ya mlingoti, anashusha kamba za mpunga
tawi kwa tawi, ili theluji ikija isivunje kitu.
Wewe uko chini. Ngazi nimekukataza,
na siku hiyo, angalau, ulikuwa umetii.
Unafoka: legeza! Legeza hiyo!
Kamba ikikaza sana, ukaniambia bila kugeuka,
tawi linasahau kujishika.
Usiku ule niliwaza vyuma vyangu viwili.

Jana umeleta picha mpya.
Wa kumi hana tena uso, ni kizimba tu.
Nikamtazama wa tisa. Nikamtazama wa kumi na moja.
Macho manne.
Nikayahesabu tena,
nawe ukaniona nikihesabu.